Mjumbe Hauawi: Historia ya Renini na Presha

Mwaka 1898 Robert Tigerstedt, profesa wa fiziolojia mzaliwa wa Ufini aliyekuwa akifundisha katika Taasisi ya Karolinska mjini Stockholm, alichapisha pamoja na mwanafunzi wake Per Bergman makala kuhusu figo na mzunguko wa damu. Walikuwa wamesaga figo za sungura, wakachuja maji yake na kuyadunga katika mshipa wa shingo wa sungura mwingine aliye hai. Shinikizo la damu la sungura yule likapanda. Hawakuishia hapo. Walitenganisha nyama ya nje ya figo na ile ya ndani, wakaona ya nje ndiyo yenye nguvu. Waliyachemsha maji yale, nguvu ikaisha. Walichukua damu inayotoka figoni, nayo ikapandisha shinikizo. Kumbe kiungo ambacho kila mtu alikijua kwa kazi ya kutengeneza mkojo kilikuwa pia kinatia kitu ndani ya damu, na athari ya kitu hicho ilifika mwili mzima. Wakakiita renini.

Baada ya hapo, kimya. Tigerstedt alirudi Helsinki mwaka 1900 na hakuifuatilia tena renini yake. Wengine waliojaribu kurudia jaribio walishindwa au walipata majibu yanayopingana, na kwa zaidi ya miaka thelathini jambo hilo likawa halina mwenyewe. Huwa tunasema wazo fulani lilikuja kabla ya wakati wake, lakini hapa kuna sababu inayoshikika. Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alikuwa ametoa kifaa chake cha kupimia presha kwa mkanda wa mkononi mwaka 1896 tu, na Mrusi Nikolai Korotkov akaeleza namna ya kusikiliza mapigo chini ya mkanda huo mwaka 1905. Tigerstedt alimpata mjumbe wa presha wakati ambapo madaktari walikuwa bado hawajazoea kuipima presha yenyewe kwa wagonjwa wao. Molekuli isiyo na ugonjwa wa kuielezea hubaki kuwa kioja cha maabara. Hoja yangu katika makala hii inaanzia papo hapo: katika historia nzima ya renini, utabibu ulisonga mbele kila mara ulipouliza molekuli hii inajibu nini, na ulijikwaa kila mara ulipoitazama peke yake kama mkosaji wa kukamatwa.

Fununu za kwanza zilitoka hospitalini. Richard Bright wa Hospitali ya Guy's mjini London alionyesha mwaka 1836 kwamba wengi waliokufa na figo zilizosinyaa na kukakamaa walikutwa pia na moyo uliotanuka. Alidhani labda damu yenyewe imeharibika, au mishipa midogo imekuwa migumu kupitika hata moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi. Karibu karne moja baadaye Harry Goldblatt, mwanapatholojia wa Cleveland nchini Marekani, alikuwa akiona jambo hilohilo mezani pa kupasulia maiti, ila yeye alikazia macho mishipa inayopeleka damu kwenye figo: mara nyingi ilikuwa imeziba. Wengi walisema presha ndiyo inayokakamaza mishipa. Goldblatt akaligeuza swali. Alitengeneza vibanio vidogo vya fedha, akabana mishipa ya figo za mbwa bila kuifunga kabisa, na mwaka 1934 akatangaza kwamba presha ya mbwa hao ilipanda na kubaki juu. Hakuongeza chochote katika damu wala hakugusa moyo. Alichofanya ni kuipunjia figo damu, na figo ikapiga kelele.

Kelele hizo zilifuatiliwa na makundi mawili yasiyojuana vizuri. Buenos Aires, katika taasisi iliyoongozwa na Bernardo Houssay, walikuwapo Eduardo Braun-Menéndez, Juan Carlos Fasciolo, Luis Leloir na wenzao; Indianapolis walikuwapo Irvine Page na Oscar Helmer. Kati ya 1939 na 1940 wote walifika mahali pamoja: renini yenyewe haikazi mshipa wowote. Renini ni kimeng'enya, mkasi wa kukata protini fulani inayotengenezwa na ini na kuelea katika damu, na kipande kinachokatwa ndicho kinachokaza mishipa. Waargentina walikiita kipande hicho hipertensini, Wamarekani wakakiita angiotonini, na ugomvi wa majina ulidumu karibu miaka ishirini mpaka Braun-Menéndez na Page walipokubaliana mwaka 1958 kuchukua nusu ya kila jina: angiotensini. Ni nadra kwa wanasayansi kumaliza ubishi wao kistaarabu namna hiyo. Katikati ya miaka ya 1950 Leonard Skeggs na wenzake, huko huko Cleveland, walikuwa tayari wameonyesha kwamba kipande cha kwanza, chenye asidi amino kumi, hakina nguvu mpaka kimeng'enya kingine kikipunguze hadi nane. Mnyororo ukawa umekamilika: figo hutoa renini, renini hukata protini ya ini, kimeng'enya cha pili humalizia ukataji, na angiotensini ya pili hukaza mishipa.

Lakini kukaza mishipa ni nusu ya ujumbe. Mwaka 1953 Sylvia Simpson na James Tait, watafiti wa London, walitangaza pamoja na wenzao wa Uswisi kwamba wametenga homoni ya tezi iliyokaa juu ya figo, nayo baadaye ikaitwa aldosteroni. Kazi yake ni kuiamuru figo isiiachie chumvi itoke kwenye mkojo. Kufikia 1960 ilikuwa imejulikana kwamba angiotensini ndiyo inayoiamsha aldosteroni. Sasa ujumbe wote unasomeka. Mtu aliyejeruhiwa na kupoteza damu, au aliyeharisha kwa kipindupindu, au aliyetoka jasho kutwa nzima juani, figo zake huhisi upungufu na kutuma amri moja yenye sehemu mbili: kazeni mishipa ili damu iliyobaki ifike kwenye ubongo na moyo, na msipoteze hata punje ya chumvi. Viumbe wa nchi kavu walioishi mbali na chumvi kwa mamilioni ya miaka wasingefika hapa bila mfumo huo. Tukiuita mfumo wa presha tunausemea vibaya. Ni mfumo wa nyakati za uhaba, nao huwa hatari pale unapobaki kazini bila uhaba wenyewe, au pale figo inapodhani kuna uhaba kumbe ni mshipa wake tu ulioziba.

Mwenye kupinga atasema hapa, na kwa haki, kwamba dawa zimekwisha kutoa hukumu. Historia ya dawa hizo ilianzia Brazil. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Maurício Rocha e Silva, Wilson Beraldo na Gastão Rosenfeld mjini São Paulo walikuwa wakichunguza kwa nini aliyeumwa na nyoka aitwaye jararaca, wa ukoo mmoja na kifutu, huporomoka presha. Wakagundua katika damu molekuli inayolegeza mishipa, bradikinini. Mwaka 1965 mwanafunzi wa Rocha e Silva, Sérgio Ferreira, alionyesha kwamba sumu ya nyoka huyo ina kitu kinachoizuia bradikinini isivunjwe, na alipokwenda London kufanya kazi kwa John Vane akakibeba kitu hicho. Ikabainika kwamba kimeng'enya kinachoivunja bradikinini na kile kinachomalizia kuikata angiotensini ni kimoja, na kwamba kazi hiyo hufanyika sana kwenye mapafu. David Cushman na Miguel Ondetti wa kampuni ya Squibb walitoa kwenye sumu hiyo dawa ya sindano, kisha mwaka 1975 wakabuni molekuli ndogo ya kumeza, kaptoprili, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1981. Jaribio la CONSENSUS, lililochapishwa mwaka 1987, liliwapa wagonjwa 253 wenye moyo uliochoka kabisa dawa ya jamii hiyo, enalaprili, au kidonge kisicho na dawa; katika miezi sita vifo vilipungua kwa asilimia 40. Je, hiyo siyo hatia iliyothibitishwa?

Nasema siyo, na sababu imo ndani ya jaribio lenyewe. Moyo uliochoka husukuma damu kidogo. Figo haina macho. Inapopata damu kidogo huamini kwamba mwenye mwili amejeruhiwa au ana kiu, na hutuma amri ileile ya kukaza na kuhifadhi. Moyo dhaifu sasa unalazimika kusukuma damu nyingi zaidi kwenye mishipa iliyobana zaidi, unachoka zaidi, na figo inapaza sauti zaidi. Enalaprili iliokoa watu kwa sababu ilivunja duara hilo, ikimshusha sauti mjumbe aliyeleta habari isiyolingana na hali. Kumnyamazisha mjumbe kunaweza kuwa tiba bora kabisa bila mjumbe kuwa chanzo cha ugonjwa. Tofauti hiyo inaonekana ndogo hadi mtu anapojaribu kuitumia renini kama kipimo cha kutabiri nani ataugua moyo. John Laragh na wenzake wa New York walidai mwaka 1972 kwamba wenye presha na renini ya juu hupata mshtuko wa moyo na kiharusi zaidi kuliko wenye presha na renini ya chini, na utafiti wao wa 1991 ukayarudia madai hayo kuhusu moyo. Wazo lilipendeza sana. Hata hivyo vipimo vya watu wengine havikukubaliana nalo kila mara, na kipimo cha renini hakijawahi kuingia kwenye orodha ya kawaida ya hatari za moyo pamoja na lehemu, sigara, kisukari na presha yenyewe.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ulitoka msituni mpakani mwa Brazil na Venezuela. Mwaka 1975 William Oliver na wenzake walichapisha vipimo vya Wayanomami, watu ambao hawakuwa wakitumia chumvi kabisa katika chakula chao. Presha zao zilikuwa za chini na hazikupanda kadiri walivyozeeka. Utafiti wa kimataifa wa INTERSALT, uliotolewa mwaka 1988, ulipata kwao wastani wa 95 kwa 61. Na renini yao? Juu. Aldosteroni nayo juu. Kama renini ingekuwa sumu ya mishipa, Wayanomami wangekuwa wagonjwa wa kwanza duniani. Kwao mjumbe alikuwa akipiga kelele usiku na mchana, na alikuwa anasema kweli: chumvi ni haba, ihifadhini. Presha ikabaki chini kwa sababu amri ililingana na hali. Kiwango kilekile cha renini katika damu ya mtu anayekula chumvi kwa wingi huko Chicago au Dar es Salaam ni habari nyingine kabisa. Namba ya maabara haina maana mpaka ijulikane nini kiko kwenye sahani.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika ushahidi huu, na sehemu hiyo ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1929 daktari wa serikali ya kikoloni, C. P. Donnison, alichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya presha vya watu wapatao 1,000 wa Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Kinyume na alivyotarajia kutoka Ulaya, presha zao hazikupanda uzeeni. Baada ya umri wa miaka arobaini zilielekea kushuka. Donnison alilitafsiri jambo hilo kwa maneno ya zama zake, kwamba ustaarabu ndio unaoleta maradhi, na leo lugha hiyo inakera. Vipimo vyenyewe vilidumu. Miaka sitini baadaye, 1990, Neil Poulter na wenzake walitoa matokeo ya utafiti ulioufuata uhamaji wa Wajaluo kutoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha za wahamiaji zilikuwa zimepanda kuliko za wenzao waliobaki nyumbani, na tofauti ilionekana mapema, ndani ya mwezi wa kwanza wa kuishi mjini. Mkojo wao ulionyesha kilichobadilika: chumvi zaidi, potasiamu pungufu, kama inavyotarajiwa mtu anapoacha vyakula vya shambani na kununua vya mjini. Damu ya mtu haibadiliki ukoo kwa mwezi mmoja.

Hapo ndipo pingamizi la rangi linapoanza kuyumba, nalo linastahili kujibiwa kwa kirefu kwa sababu bado linafundishwa. Wamarekani weusi wenye presha mara nyingi hukutwa na renini ya chini, na vidonge vya jamii ya kaptoprili vikitumiwa peke yake hushusha presha yao kidogo kuliko dawa za kutoa chumvi au zile za kulegeza mishipa za jamii ya amlodipini. Kutokana na hilo ilijengwa nadharia kwamba waliovuka bahari ya Atlantiki katika meli za utumwa wakabaki hai ni wale waliojaliwa kuhifadhi chumvi, na kwamba wajukuu wao wamerithi presha. Mwanahistoria Philip Curtin aliipitia nadharia hiyo mwaka 1992 na kuonyesha kwamba kumbukumbu za biashara ya watumwa haziiungi mkono: si kuhusu uhaba wa chumvi Afrika Magharibi, wala kuhusu sababu za vifo melini. Kisha mwaka 1997 Richard Cooper na wenzake walipima watu wa asili ya Afrika Magharibi kwa njia moja katika nchi mbalimbali, wakaona presha ikiongezeka hatua kwa hatua: takribani asilimia 16 ya watu wazima Afrika Magharibi, zaidi katika visiwa vya Karibea, na karibu theluthi huko Maywood, nje kidogo ya Chicago. Nasaba moja, namba tatu. Renini ya chini kwa mtu mwenye presha inasomeka vizuri zaidi kama jibu la figo iliyokwisha kushiba chumvi: mjumbe amenyamaza kwa kuwa hana la kuomba.

Sikatai kwamba kujua mjumbe amenyamaza kuna faida mahali pa kuandika dawa. Jaribio la CREOLE la mwaka 2019, lililofanyika katika nchi sita za Afrika zikiwamo Kenya na Uganda, liligawa wagonjwa 728 katika makundi ya dawa mbilimbili, na makundi mawili yaliyokuwa na amlodipini yalifanya vizuri kuliko lile lisilokuwa nayo. Ajabu ni kwamba amlodipini pamoja na dawa inayozuia angiotensini ilifanya kazi sawa na amlodipini pamoja na dawa ya kutoa chumvi. Yaani wagonjwa weusi, ambao vitabu vilisema dawa za kuzuia angiotensini haziwafai, walifaidika nazo zilipopewa mwenzi anayefaa. Nazo jeni, kwa ufupi, hazilipingi jambo hili: aina adimu za presha zinazoletwa na kosa la jeni moja, ambazo Richard Lifton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale walizifumbua kuanzia miaka ya 1990, karibu zote zinaishia mahali pamoja, kwenye namna figo inavyoshika chumvi.

Kosa la kumwona mjumbe kama adui lilikuja kulipiwa gharama miaka ya 2000. Kama kuzuia sehemu moja ya mnyororo kunaokoa maisha, ilifikiriwa, kuzuia sehemu mbili kutaokoa zaidi. Jaribio la ONTARGET, 2008, liliwahusisha watu 25,620, na waliopewa dawa mbili za kuzuia mnyororo huohuo hawakupata nafuu yoyote zaidi ya waliopewa moja. Walichopata ni kizunguzungu cha presha kushuka mno na figo kudhurika. Kisha ikaja aliskireni, dawa ya kwanza ya kumeza iliyoishika renini yenyewe, ile ya Tigerstedt, zaidi ya miaka mia moja baada ya sungura wake. Katika jaribio la ALTITUDE iliongezwa juu ya dawa nyingine kwa wagonjwa wa kisukari walio katika hatari ya figo na moyo, na mwishoni mwa 2011 jaribio likasimamishwa kwa kuwa madhara yalizidi matumaini. Amri ya figo ilikuwa imezimwa kwa watu ambao siku nyingine waliihitaji kweli. Njia iliyofaulu kwa moyo uliochoka ilikuwa tofauti: mwaka 1981 Adolfo de Bold nchini Kanada alikuwa amegundua kwamba moyo nao hutuma mjumbe wake, anayeiambia figo iachie chumvi, na dawa iliyoizuia angiotensini huku ikimrefushia maisha mjumbe huyo wa pili ilipunguza vifo katika jaribio la PARADIGM-HF la 2014.

Limebaki pingamizi moja ambalo watetezi wa chumvi hulirudia, nalo lina uzito. Katika INTERSALT, ukiviondoa vituo vinne vya watu wanaokula chumvi kidogo sana, Wayanomami wakiwamo na kijiji kimoja cha Kenya kikiwamo, uhusiano kati ya chumvi na presha ya kawaida katika vituo 48 vilivyobaki unafifia, ingawa ule wa kupanda kwa presha kadiri umri unavyosonga unabaki. Tena, wanasema, ukimpunguzia mtu chumvi renini yake inapanda, na je, hiyo si hatari? Sehemu ya pili ya swali nimekwisha kuijibu kwa Wayanomami: renini inayopanda kwa sababu ya uhaba wa kweli haijawahi kuonekana ikiwadhuru. Sehemu ya kwanza ilihitaji jaribio, si hoja, na jaribio lilifanyika katika vijiji 600 vya China, matokeo yake yakatoka mwaka 2021. Watu 20,995, wengi wao wakiwa wamewahi kupata kiharusi, waligawiwa kwa vijiji: nusu waliendelea na chumvi yao ya kawaida, nusu wakapewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa kloridi ya potasiamu. Katika muda wa karibu miaka mitano viharusi vilipungua kwa asilimia 14 na vifo kwa asilimia 12, bila kidonge kipya hata kimoja. Watu wenye ugonjwa mkubwa wa figo hawakuingizwa katika jaribio hilo, kwa kuwa figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu mwilini. Na katika nchi ambazo wengi wenye figo dhaifu hawajui kwamba wanazo, hilo ndilo swali la kutatuliwa kabla chumvi ya namna hiyo haijapangwa madukani.